Alistides Nuwagaba, Aliyefungwa kwa Kifo cha Mtu Aliye Hai

Ndugu waombolezaji, mlioketi na mliosimama huko migombani, wakubwa shikamooni, wadogo tunawaona. Wasifu huu wa mpendwa wetu Alistides Nuwagaba utasomwa polepole, kwa sababu mwenyewe aliomba hivyo. Alisema, "Msinipambe. Semeni ilivyokuwa, tena semeni yote, maana kule mahakamani hayakusemwa yote."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1961 katika kitongoji cha Omukigongo, ukipanda kidogo kutoka Nkwenda, wakati huo Kyerwa bado haijawa wilaya na sote tukiitwa watu wa Karagwe. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Novatus Nuwagaba na mama Benadeta, ambao wote wametangulia. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba kiasi kwamba mzee Novatus, aliyekuwa akipalilia kahawa, hakuiona nyumba yake mwenyewe. Alirudi akifuata kilio cha mtoto. Alikuwa akisimulia mpaka uzeeni kwamba kilio kile alikisikia kutoka pande mbili, akasimama katikati ya ukungu asijue mwanawe ni yupi. Kumbe upande wa pili, nyumbani kwa kina Karekezi, wale wafugaji wa kule nyikani, mama Kokubanza naye alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Huyo akaitwa Projest. Watoto wale wawili walikua pamoja, na si rahisi kumsimulia mmoja ukamwacha mwingine.

Mwaka 1970 marehemu alianza shule ya msingi, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Hakuwa mwepesi wa hesabu, lakini alikuwa na kipaji cha sauti. Projest alikuwa hafiki shule siku nyingi kwa sababu ya kuchunga, na mwalimu alipoita majina na kufika kwa Karekezi, sauti nyembamba ya Projest ilitoka nyuma ya darasa: "Nipo, mwalimu!" Ilikuwa ya Alistides. Mwalimu akainua macho siku moja, akaona kiti kitupu, akaita tena. Kiti kikajibu tena. Watoto wanasema mwalimu alitoka nje akaenda kunawa uso kwanza, ndipo akarudi na fimbo.

Kazi ya marehemu ilikuwa uchinjaji pale soko la Nkwenda, na shamba lake la ndizi na kahawa. Projest alileta ng'ombe, Alistides alichinja. Walikuwa watani wakubwa. Siku ya soko watu walisogea karibu ili tu wawasikilize.

"Wewe Karekezi, leo nakuchinja wewe kwanza, ng'ombe wako nitamwachia mama yako!"

"Uchinje nini wewe? Kisu chako kinaogopa hata kitunguu!"

"Nitakuzika mimi, tena nitachimba kifupi miguu ibaki nje!"

Ndivyo walivyoishi. Hakuna aliyewahi kudhani maneno yale yangekuja kusomwa mbele ya jaji na mtu aliyevaa tai.

Tarehe 20 Septemba 1986 marehemu alifunga ndoa na Pulkeria, binti wa Bugene, mbele ya padri. Mungu aliwajalia watoto watatu: Jenifa, Ambrose na Eustadia. Pulkeria alikuwa akimcheka mumewe kwamba siku ya harusi alikuja na kucha zina damu ya ng'ombe. Yeye alijibu kwamba alikuwa amewahi mapema kuchinja ili wakwe wale, sasa wakwe wamekula, analalamika nani?

Sasa tunafika kwenye yale aliyotaka yasemwe.

Mwaka 2003 jua lilikaa mno. Nyika ikawa nyekundu. Projest alikusanya ng'ombe wa ukoo wake akashuka nao kuelekea mto Kagera kutafuta malisho, na hakurudi. Walimfuata mpaka kwenye ukingo wa mto, wakaona alama za kwato zimeingia kwenye maji. Upande wa pili hazikutoka, au zilitoka mahali wasipopaona. Mvua zikaja, mtu hakuja. Mama Kokubanza akaanza kumsikia akikohoa nyuma ya nyumba mchana kweupe. Alitoka, hakuona mtu, aliona ng'ombe aliyebaki ameelekeza masikio upande ule ule.

Wazee wa ukoo wake wakaamua azikwe. Kwao mtu aliyepotea haachwi hivi hivi, maana asiyezikwa huzungukazunguka na kuingia katika miji ya watu. Unakatwa mgomba ambao haujawahi kuzaa, kwa urefu wa yule mtu. Anayeukata ni rafiki aliyemjua kimo chake. Unavishwa nguo yake, unafungwa shuka, unaliliwa, unafukiwa, na juu yake unapandwa omuramura, ule mmea wetu wa mipaka na makaburi. Tangu hapo mtu amekufa. Na haifai mtu yeyote kutamka kwamba ndani ni mgomba. Akitamka, kaburi litadai maiti ya kweli, na litamchukua wa karibu.

Mgomba ule aliukata Alistides, tarehe 17 Aprili 2004. Alisimama nao bega kwa bega kama alivyozoea kusimama na Projest, akaweka alama kwa kisu usawa wa sikio lake, pale utosi wa Projest ulipokuwa ukifikia. Padri hakuitwa. Waliubeba watu wanne, na marehemu alikuwa akisema mpaka juzi kwamba shina la mgomba lina maji lakini lile lilikuwa na uzito mwingine. Walipokuwa wakilishusha, mmoja wao alisema, "Pole, pole, kichwa," na hakuna aliyecheka.

Mwezi Agosti mwaka huo maneno yalifika polisi kwamba Karekezi hakupotea bali aliuawa. Walikuja nyumbani kwa Alistides wakakuta koti la Projest limetundikwa ukutani, lina damu kifuani na mikononi. Projest alikuwa ameliacha machinjioni, na mwenzake alikuwa akilivaa asubuhi za mvua akichinja. Ilikuwa damu ya ng'ombe wengi. Waliolichukua hawakuuliza ni damu ya nani, nalo koti halikupimwa kamwe.

Kesi ilisikilizwa mwaka 2007. Mashahidi wa sokoni waliulizwa kama mshtakiwa aliwahi kusema atamchinja Karekezi, na kwa kuwa walikuwa wameapa kusema kweli, walisema ndiyo. Pale Nkwenda maneno yale yalikuwa yakiwachekesha watu mpaka machozi. Mahakamani yaliandikwa. Kisha akaitwa mama Kokubanza.

"Mama, mwanao yuko wapi?"

"Nimemzika."

"Mwili wake uliuona kwa macho yako?"

Inasemekana aliinyoosha mikono yake mbele ya jaji. Kisha akasema, "Nilimfunga shuka kwa mikono hii."

Alistides akainuka kizimbani, akasema kwa heshima, "Mheshimiwa, kilichozikwa pale ni mgomba. Niliukata mimi." Watu wa Nkwenda waliojaa mle ndani waliinamisha vichwa kwa pamoja, kama upepo umepita juu yao. Wakili aliyepewa aliomba kaburi lifukuliwe. Askari walikuja na chepeo mbili, wakawakuta wanawake wameketi kulizunguka lile kaburi, kimya, hawapigi kelele wala hawaombi. Mvua ikaanza. Askari wakarudi wakasema kaburi lipo, wamelishuhudia. Wazee waliulizwa, nao wakasema, "Sisi tulizika mtu wetu." Hawakuwa na chuki na Alistides hata mmoja. Walikuwa wanaogopa, na kila mmoja alikuwa akifikiria watoto wake. Alihukumiwa kunyongwa mpaka kufa.

Alipelekwa gereza la mbali. Miaka mingi alilala akiwa na watu ambao kila mmoja alisubiri kuitwa. Huku nyumbani ndugu kadhaa walimshauri Pulkeria amkatie mumewe mgomba, alie, amalize. Pulkeria alitoka na mchi mkononi. "Migomba yangu inazaa ndizi," aliwaambia. "Anayetaka maiti akatafute kwake." Hakuvaa kaniki ya ujane hata siku moja. Alisafiri kumwona kila alipoweza, akimpelekea ndizi mbivu na habari za watoto.

Mwezi Julai 2018, siku ya soko, jua likiwa utosini, Projest Karekezi aliingia Nkwenda kwa miguu.

Mama mmoja muuza maharage alikuwa akipima. Kopo likajaa, akaendelea kumimina, maharage yakamwagika miguuni, akaendelea. Watu walisogea nyuma bila kusukumana, pakabaki uwanja mtupu na yeye katikati. Akasema, "Habari za hapa?" Hakuna aliyeitikia. Alimtaja mtu kwa jina, yule mtu akageuka akaangalia ukuta. Basi akaenda kwa mama yake, akapiga hodi. Mama Kokubanza alikuwa ndani akimenya ndizi. Alisikia, kisu kikasimama. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Aliyezikwa haitikiwi. Akaendelea kumenya.

Siku ya pili mchana, mama alitoka na sahani ya ndizi na maharage, akaenda mpaka kwenye kaburi, akaiweka juu yake, akageuka akiwa ameinama. Akasema bila kutazama, "Mwanangu, kula." Projest, ambaye alikuwa amejilaza upande wa pili wa omuramura, alikula. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Mtu mzima na uhai wake akawa analishwa kaburini pake.

Pulkeria alipomwambia Alistides yuko wapi na kwa kosa gani, Projest alikaa chini barabarani. Ng'ombe walikuwa wamenyang'anywa ng'ambo ya mto, naye akaona aibu kurudi mikono mitupu, akachungia watu wengine miaka yote ile akiwaza kwamba nyumbani wamemkasirikia. "Nilijua mtanilaumu," alisema. "Sikujua mtaninyongea mtu." Akaenda polisi akasema amekuja kutoa taarifa kwamba hajauawa. Kijana wa zamu akamwambia, "Mzee, aje aliyefiwa, siyo wewe uliyekufa." Ndipo akampata wakili wa msaada wa kisheria, dada Joyness, mwanamke mfupi asiyechoka. Huyo ndiye aliyempeleka mpaka mbele ya majaji wa rufaa.

"Wewe ni nani katika shauri hili?" wakamuuliza.

"Mimi ndiye niliyeuawa, waheshimiwa."

Wanasema mmoja alianza kucheka akaishia katikati. Alistides aliachiwa huru tarehe 6 Machi 2020. Hakuna aliyemwomba radhi. Alipewa nguo zake za zamani, zikawa pana.

Projest alimpokea Kayanga. Walipanda bodaboda moja, mshikaki, watatu pamoja na dereva, wakashika njia ya nyumbani. Dereva alikuwa wa Nkwenda, mtu wa maneno.

"Mzee, wewe siyo yule aliyemuua Karekezi?"

"Ndiye," akasema Alistides.

"Duh. Na huyu nyuma yako ni nani?"

"Karekezi."

Pikipiki ilisimama. Yule ndugu alishuka, akaiacha inanguruma, akatembea mpaka kwenye kahawa za watu akapotelea humo. Wazee wale wawili waliketi juu ya pikipiki muda mrefu, hakuna ajuaye kuiendesha, na ilikuwa mara ya kwanza Alistides kucheka tangu 2004. Dereva huyo yupo hapa leo na ametusaidia kubeba viti, Mungu ambariki.

Mkifikiri yaliisha hapo, hayakuisha. Mahakama ilimfutia kosa, lakini kijijini kosa lilibaki palepale. Kama Karekezi ni mzimu, basi Alistides bado ni muuaji, tena muuaji anayetembea na mzimu wa aliyemuua. Watoto waliwakimbia. Nyama aliyochinja haikununuliwa, akaacha kazi. Alimpa Projest chumba cha Ambrose, wakalima pamoja. Wakipishana na watu njiani, Alistides alisalimia mara mbili, mara moja kwa sauti yake na mara ya pili kwa sauti ya mwenzake, ili isemwe kwamba wote wamesalimia. Alichokitaka kabla ya kufa kilikuwa kimoja tu: mama Kokubanza amtazame mwanawe usoni. "Mama akimwona, wote watamwona," alikuwa akisema. "Asipomwona, nitazikwa nikiwa na mtu shingoni." Mama hakumwona. Sahani iliendelea kwenda kaburini, na siku za upepo watu walisikia sauti mbili pale, ya mama akisema kula na ya mwanamume akisema asante, na hakuna aliyegeuza shingo.

Mwaka jana marehemu alianza kuvimba miguu. Figo zilikuwa zimechoka. Alihudumiwa hospitali ya Nyakahanga, na familia inawashukuru wauguzi waliomgeuza na kumwosha kama baba yao. Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024, mama Kokubanza alifika kumwona, na fimbo yake, peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Nimekonda lakini naonekana. Yuko mwenzangu ananenepa na haonekani."

Wauguzi walicheka. Mama hakucheka. Pulkeria alikuwa pembeni akasikia yote, na ndivyo tulivyoyapata.

"Mama, yule unayemlisha, lile kovu la shavuni siyo la Projest?"

"Ni lake."

"Na sauti?"

"Ni yake. Nilimjua kwenye hodi ya kwanza."

"Basi kwa nini?"

Mama alikaa anakunja ncha ya blanketi, anakunjua. Kisha akasema, "Mzimu hauna kesi, Alistides. Akiwa mzimu, mimi ni mama niliyefiwa. Nikimtazama akawa mtu, basi wewe nilikufunga mimi."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa kaburi litachukua wa karibu. Wa karibu alikuwa wewe, uliyeukata."

Marehemu alifumba macho. Pulkeria alidhani amelala. Lakini alikuwa akitafuta pumzi ya kusema. "Lilinichukua, mama, na likanirudisha. Sina neno na wewe. Nenda ukamtazame mtoto."

Mama alimfunika vizuri, akaondoka.

Alistides Nuwagaba aliaga dunia alfajiri ya Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, Pulkeria akiwa amemshika kichwa. Swali lake la mwisho lilikuwa, "Mama amemwona?" Pulkeria hakutaka kumdanganya. Akamwambia, "Bado." Akasema, "Haya."

Mchana wa siku hiyo Eustadia, binti wa marehemu, alikuwa akipita kwenda kisimani. Alimwona mama Kokubanza ameshika sahani, amefika kaburini kama kawaida. Kutoka upande wa pili Projest akamwambia, "Mama, Alistides amekufa." Mama alisimama. Hakuiweka sahani. Upepo haukuwepo, anasema Eustadia, lakini majani ya omuramura yalikuwa yakitikisika yote. Kisha mama akalizunguka kaburi, polepole, kwa fimbo yake, akafika alipokuwa mwanawe, akainua uso. Akamtazama. Akampa sahani mkononi. Akageuka kwa watu waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya njia, akapaza sauti mpaka jembe la mwisho likatulia:

"Humo ndani ni mgomba! Mwanangu huyu hapa!"

Hakuna kilichotokea. Kuku waliendelea kuchakura.

Marehemu ameacha mjane, Pulkeria. Watoto watatu, Jenifa, Ambrose na Eustadia. Wajukuu saba, na shamba lenye kuzaa. Ameacha pia rafiki, Projest Karekezi, ambaye yu hai. Ameketi mstari wa mbele, na mama yake hajauachia mkono wake tangu Jumatano. Mkimaliza kutupa udongo, mpiteni mmoja mmoja, mumsalimie, naye awaitikie kwa sauti yake mwenyewe.

Mungu ampokee Alistides asiye na hatia, ampe usingizi ambao hakuna askari wa kuja kuukatiza.